Herufi za Mkiani

Pale maabara ya mifugo walimwita Mama Matundu, na jina lenyewe hakulikataa. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akihesabu matundu ambayo virusi huyachimba kwenye utando mwembamba wa seli uliotandazwa kwenye kisahani. Tundu dogo, kirusi dhaifu. Tundu kubwa, kirusi kina nguvu.

Asubuhi hiyo aliinua kisahani cha saba kwenye mwanga, akakisogeza karibu na macho. Kati ya vitundu mfano wa ncha ya sindano, viwili vilikuwa vikubwa kama vichwa vya njiti za kiberiti.

Kirusi hicho kilikuwa cha chanjo ya mbuzi. Walikidhoofisha kwa kukata kipande mkiani mwa mnyororo wake wa herufi za urithi, mahali pasipotengeneza protini yoyote, lakini ndipo kirusi huanzia kujinakili. Bila kipande hicho kilikuwa kikijikokota. Na saa nane mchana gari lingekuja kuchukua chupa za chanjo, lizipeleke kwa mbuzi arobaini wa majaribio, waliotenganishwa na mifugo ya watu kwa ua mmoja tu.

Alimfuata mkuu wa maabara. Ni Mama Matundu aliyemfundisha mkuu huyu kushika pipeti, mrija wa kupimia vimiminika, enzi hizo akiwa kijana mgeni kazini.

"Daktari, kisahani cha saba kina matundu makubwa mawili."

"Uchafu huo, mama," alijibu bila kuinua macho. "Tumesoma protini zote. Hakuna herufi iliyobadilika."

"Na mkia? Mashine huwa inaruka herufi za mwisho. Tuusome peke yake, tungoje hadi kesho tu."

"Watu wamengoja miaka mitatu. Niwaambie nini, kwamba mama kaona tundu?"

Maneno yalimchoma. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, angeweza kujinyamazia. Alirudi kwenye meza yake. Kisha akachukua fomu ya kutolea chupa, ambayo haikamiliki bila sahihi ya mhesabuji, akaenda kumwekea mkuu mezani bila sahihi yake.

"Sitii sahihi, mwanangu." Ilimtoka tu. Hakuwahi kumwita hivyo tangu apewe ukuu.

Mkuu aliitazama fomu, taya zimemkaza. Hatimaye akainua simu, akamwambia dereva asije.

"Ukikosea," alisema, "barua ya kuwaeleza wafugaji utaiandika wewe."

Jioni aliketi mezani nyumbani, chakula hajakigusa. Mumewe, fundi saa, alimwangalia akichezea kijiko.

"Leo umegombana na nani?"

"Na mkubwa."

"Basi kula. Kufukuzwa nako kunataka nguvu."

Kesho yake saa nne majibu yakatoka, wakainamia skrini moja. Pale walipokata, kirusi kilikuwa kimerudufu kipande cha jirani na kukifanya mahali papya pa kuanzia kujinakili. Protini zilikuwa vilevile. Mkuu alihesabu herufi kwa kidole, akarudia, akavua miwani.

"Tungewaulia watu mifugo," alisema taratibu.

Mama Matundu aliinuka, akaenda kuzitazama chupa. Miaka yake mitatu ya kazi nayo ilikuwa humo. Mchana alizipakia chupa zote kwenye mtambo wa mvuke wa kuulia virusi, moja moja, akasimama hapo mpaka mlango ulipofunguka tena.

Barua aliiandika mkuu mwenyewe. Kwa wiki mbili walisalimiana juu juu tu. Wiki ya tatu mkuu alikuja na mchoro wa mkia, akavuta kiti.

"Mama, safari hii tukate wapi?"

Mama Matundu alisogeza visahani kando, akaanza kumwonyesha.