Kiazi cha Mama Adero

Kwetu Nyakach mtu hamzoei mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, na wakikutana njiani kila mmoja hushika upande wake akitazama majani. Desturi hiyo niliipenda sana, maana mama mkwe wangu, Adero wa Sondu, alijulikana kwa ulimi. Alifiwa na mume mapema, akalea binti zake kwa kufinyanga vyungu na kuvipeleka sokoni kwa miguu. Mimi nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya harusi, kwa mbali.

Aprili 1968 mvua iliharibu barabara ya chini, nikaamua kurudi nyumbani kutoka Sondu kwa kupanda vilima vya Nyabondo. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka njiani. Huko juu nikamkuta mama mmoja amejifunika leso hadi puani, amelemewa na kapu. Nikampokea kapu, tukaongozana, yeye mbele.

"Naenda kuona mjukuu wangu wa kwanza," akasema. "Beldina ataniletea kwa jirani yake, Kageha. Kwa mkwe siingii."

Beldina ni mke wangu. Nikijitaja, heshima itamlazimu ageuke arudi Sondu, na mtoto hatamwona. Nikavuta kofia chini, nikainua kola ya sweta, nikaikaza sauti kama mzee mwenye mafua.

"Huyo mkwe ni mtu mzuri?" Sijui shetani gani alinituma.

"Mzuri wa redio. Betri hazikosi, lakini paa la jiko linavuja mwaka mzima. Binti yangu anapika amejifunika gunia, na sasa ana mtoto mchanga. Mtu kama huyo wewe ungemwambia nini, baba?"

"Ningemwambia aezeke."

"Na atasikia?"

"Atasikia, Mama."

Kwa saa tatu alinichambua kama omena, dagaa wa ziwani. Ajabu ni kwamba nilifurahi. Alitembea upesi kuliko mimi, akinionya kila penye jiwe la utelezi, na aliponicheka nilijikuta nacheka naye. Tulipopumzika akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha. Nilikila nimempa mgongo, naye hakuuliza kwa nini.

Tulipofika ukingoni wingu likaanza kupasuka. Chini niliona ziwa, kisha bati la kwa Kageha. Nikatua kapu, nikasema kuna kitu nimesahau nyuma, nikatokomea kichakani. Siafu walinifaidi humo mpaka alipoteremka.

Nilizunguka nikafika nyumbani kwa njia nyingine. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimelala uani tangu Krismasi. Nikapanda juu ya jiko.

Jioni Beldina akarudi na mtoto mgongoni na kapu kichwani.

"Mama amempakata mpaka wote wawili wakasinzia," akasema. "Anasema mlimani alisaidiwa na mtu mwema."

"Hakumjua?" nikauliza, macho kwenye nyasi.

"Uso hakuuona, ukungu ulikuwa mzito. Ila sweta aliijua tangu mwanzo. Sufu yake Mama ndiye aliyeninunulia, nilipokuwa nakufumia."

Beldina akaingiza mkono kapuni, akatoa kiazi, akanirushia.

"Amesema nikikukuta juu ya paa nikupe hiki. Nikikukuta kwenye redio, nikile mwenyewe."