Kigego Katika Njia ya Kondoa

Mdachi alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi hivi, nilipotembea kwa miguu kutoka Zuzu hadi Kondoa, nyuma ya punda watatu na watu wazima saba. Niliwekwa nyuma kwa sababu ya meno yangu.

Mimi ni kigego. Meno yangu ya kwanza yaliota juu, na kwetu Ugogo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Akitangulia njiani, walisema, visima hukauka. Wengine walitupwa porini wangali wachanga. Bibi mzaa baba alitaka nami nitupwe. Mama alinifunga mgongoni, akalima nami, akapika nami, akalala nami, asimpe mtu yeyote anishike mpaka meno ya chini nayo yakatoka. Alinisimulia hayo mwenyewe bila machozi, kama mtu anayesimulia alivyojenga ghala.

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu na hatukujua yuko upande gani wa dunia. Majirani walipokusanyika kwenda kuhemea, yaani kubadilisha chumvi yetu kwa nafaka ya Warangi, mama alifunga mizigo miwili juu ya punda wetu, akawaacha wadogo zangu kwa bibi, akasema mimi nakwenda naye.

Kiongozi wa safari alikuwa baba mkubwa Chibago, kaka yake baba.

"Mwache huyo nyumbani," alisema.

"Nikimwacha, nitamkuta?" mama aliuliza.

Baba mkubwa alikubali kwa masharti: nitembee mwisho, na nisinywe maji kabla ya wengine.

Hatukufuata barabara kubwa, ingawa ndiyo yenye visima. Barabarani kulikuwa na askari, na mwanamume mwenye nguvu akionekana alikamatwa kwenda kazini. Tulipita porini, kwenye miiba na vumbi jekundu, tukitegemea maji ya korongo moja ambalo Chibago alilijua tangu ujana wake. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, tulilifikia. Wanaume walichimba mchanga mpaka kiunoni. Ulikuwa mkavu kama majivu.

Walitoka shimoni wakakaa kwenye kivuli cha mgunga. Niliona macho yao yakinijia, moja baada ya jingine. Mwishowe baba mkubwa akasema, "Shemeji, kuna maboma ya wafugaji upande ule. Mpeleke mtoto ukamwache. Bila hivyo tutakufa hapa wote."

Nilimshika mama nguo. Nakiri kwamba wakati ule niliwaamini. Nilidhani kweli ni mimi niliyeyanywa maji ya lile korongo kwa kulitazama tu. Niliwaza ndugu zangu wakisubiri uwele, nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, niache."

Mama alinigeukia kwa hasira ambayo sijaiona tena maishani. "Wewe nyamaza!" Kisha akamgeukia Chibago. "Shemeji, mvua haikunyesha kwetu, haikunyesha huku. Meno ya mtoto huyu yameota kinywani mwake, hayakuota mawinguni. Mmechimba mpaka kiunoni mkachoka. Semeni mmechoka."

Alichukua jembe, akatembea mpaka pale korongo lilipopinda, penye ukingo mrefu, akaanza kuchimba peke yake. Mchanga ulikuwa ukibomoka na kurudi, naye anautoa tena. Shimo lilipompita kichwa likawa jembamba mno kwa mtu mzima, akatoka, akanishusha mimi kwa kamba. Nilichota mchanga kwa kipande cha kibuyu kilichofungwa kamba, nikampandishia, nikachota, nikampandishia. Kucha zilitoka damu. Juu nilisikia mtu akisema tunachimba kaburi letu. Jua lilipoinama, nyayo zangu zilihisi baridi, halafu unyevu, halafu matope, na nikiwa nimesimama pale, maji yakaanza kujikusanya polepole kuzunguka vidole vyangu.

"Kunywa," mama alisema kutoka juu.

"Na wao je?"

"Kunywa, Matika."

Nilikunywa wa kwanza, matope na yote.

Wote waliposhiba maji, pamoja na punda, mambo yakageuka. Baba mkubwa alikuja na mzigo wake wa chumvi, akautua na kupiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule. "Mwanangu, weka mkono hapa," alisema kwa upole. "Labda sisi ndio tulikosea. Labda una baraka."

Kabla sijanyoosha mkono, mama aliusukuma chini. "Hana mkosi, na baraka hana. Ni mtoto, na amechoka. Mwacheni alale."

Tulifika Kondoa, tukarudi na uwele na mtama, na wadogo zangu waliishi. Chibago aliendelea kuniomba niwaguse ng'ombe wake mpaka nilipoolewa. Sikumgusia hata ndama.

Sasa mimi ni mzee, na watu hudhani nilichojifunza njiani ni kwamba vigego ni watu wema. Hapana. Nilijifunza jinsi ilivyo rahisi kumpa mtoto lawama, na jinsi ilivyo rahisi vilevile kumpa sifa, ili mradi mtu asirudi shimoni kuchimba. Sifa ile ingenipendeza. Nilikuwa na njaa ya kupendwa. Mama alininyima, nami kwa miaka mingi nilimwona mkatili.

Baadaye niliongoza mwenyewe wanawake kwenda kuhemea, safari nyingi. Kabla ya kuondoka daima alikuwepo mtu wa kunivuta pembeni na kuninong'oneza kuhusu fulani: huyu ni pacha, huyu amefiwa na waume wawili, tusiende naye. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza amebeba vibuyu vingapi vya maji.