Kamba ya Mama Mkasi

"Umesikia ya Mama Mkasi?" jirani yangu aliniuliza huku akikamua nguo kwenye beseni. "Kichwa kimehama. Jana nimemwona kwa macho yangu haya anakata gauni zima, gauni la maana, vipande vipande. Mwenye nguo akija kuidai atapewa nini, matambara ya kufutia meza?"

"Labda lilikuwa bovu."

"Bovu wapi! Lina mpaka mkanda wa kiunoni. Na bado anawaita watoto wa watu uani kwake. Mimi wangu simpeleki. Mtu haoni vizuri, anawaongoza watoto kwenda wapi?"

Mwanangu mdogo alikuwa mgongoni, amelala. Dada yake, wa miaka mitano, alikuwa amekaa kizingitini akivua na kuvaa kandambili kama kawaida yake. Lile neno lake la vipande vipande lilikuwa limeshanichukua mbali, kwa sababu mimi nimekulia kwenye vipande vya Mama Mkasi.

Ni fundi cherehani. Siku zile mashine yake ilikaa mlangoni ili ipate mwanga, na mkasi wake ulining'inia shingoni kwa kamba ya viatu, hata akienda dukani anao. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na nguo mpya. Chini ya meza palikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa, na sisi watoto wa mtaa wa bondeni tulikuwa tunaingia humo mpaka mabegani, tukitafuta vya kuwavisha wanasesere. Hakutufukuza. Alikuwa anatusukuma kwa goti tu pale tulipomziba asikanyage pedali.

Siku moja alisimamisha mashine akatuuliza, "Mvua ikizidi, maji yanaanzia wapi huku kwetu?"

Sote tukajibu kwa pamoja. Mmoja akasema kwenye banda la bata. Mwingine akasema muongo huyo, yanaanzia nyuma ya kinyozi, yanabubujika kwenye mfuniko wa mtaro kabla bata hawajaloa. Tulibishana karibu kupigana. Mama Mkasi alisikiliza mdomo wazi, maana mtu mzima huyaona maji yakishafika miguu ya kitanda. Sisi tulikuwa tunayachezea tangu yakiwa ya kulowesha vidole.

"Na mtu akitaka kupanda shuleni bila kuvuka mtaro, anapita wapi?"

Hapo tukatazamana. Palikuwa na tundu kwenye ukuta nyuma ya karakana ya seremala, na lilikuwa siri yetu. Tulipita hapo tukiwa tunakimbia kutumwa. Ikabidi aape kwamba hatawaambia mama zetu, ndipo tukampeleka. Akainama, akapenya na mkasi wake shingoni, akatokea upande wa pili ana vumbi la mbao kichwani. Akasema, "Hapa ndipo."

Akanunua kamba nene. Kila baada ya hatua ya mtoto akafunga fundo, na kwenye kila fundo akashona kitambaa. Kila mtu alichagua chake kutoka kwenye gunia. Changu kilikuwa cha njano chenye vitone vyeupe. Wadogo walikaa katikati, yeye alishika mbele, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mrefu na mdomo wangu haukuwa na breki, nilipewa nyuma kabisa. Alikuwa anauliza bila kugeuka, "Mkia?" Nami napaza, "Mkia upo!" Nikinyamaza, wote wasimame.

Zoezi la kwanza lilikuwa kichekesho. Aligonga mkasi kwenye karai, ndiyo ishara yetu, na badala ya kukimbilia kamba tukatawanyika kila mtu nyumbani kwao. Tulikwenda kufuata kandambili. Mama zetu walikuwa wametuambia atakayepoteza kandambili atajuta, na sisi hatukuona kwa nini mafuriko yabadilishe sheria hiyo. Mama Mkasi alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akamshika mdogo mmoja mkono.

"Mama yako ana mikono mingapi?"

"Miwili."

"Kwenu mko watoto wangapi?"

"Wanne."

"Haya. Wengine wanashikwa na nani?"

Yule mtoto akatazama kamba. Hakuna aliyecheka tena.

Jioni ile Mama Mkasi akapita nyumba kwa nyumba, sisi nyuma yake, akawaomba akina mama waseme kwa vinywa vyao wenyewe kwamba mtoto akiacha kandambili kwa ajili ya kamba hatapigwa. Mama yangu alikuwa anakaanga vitunguu. Alisema, "Sawa, simpigi. Ila ajue ndizo za mwisho hizo."

Watu wazima walitutania sana. Kinyozi alikuwa akituona na kamba yetu anasimamisha mashine ya kunyolea. "Mama Mkasi, hilo treni linaenda wapi?"

"Linaenda kukuacha!"

Kisha mafuriko yakaja kweli, mchana, mama zetu wakiwa sokoni. Maji yalitoka kwenye mfuniko nyuma ya kinyozi kama tulivyosema. Nikasikia mkasi kwenye karai, tin, tin, tin, nikakimbia peku, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitambaa cha njano. Maji yalinifika magotini, wadogo kiunoni. Yalikuwa meusi na yana nguvu za kumvuta mtu kwa miguu. "Mkia?" "Mkia upo!" Nililia na kujibu kwa wakati mmoja. Tukapenya tundu la seremala mmoja mmoja, bila kuachia.

Nyuma yangu alikuja mwenye bucha, kitambi mbele, maana alikuwa ametuona tunapotelea ukutani. Akanasa katikati. Tukamvuta mikono, naye akapiga kelele, "Taratibu jamani, mimi si mbuzi!" Wote tulicheka, na maji yako pale pale. Mwezi uliofuata alikuja na nyundo yake mwenyewe akalipanua lile tundu, na mpaka leo panaitwa Mlango wa Bucha.

Shuleni tulisimama kwenye baraza, bado tumeshika. Baba mmoja alifika anahema, akamvuta mwanawe mkono. Mtoto akang'ang'ania. "Bado sijaitwa!" Mama Mkasi alikuwa anaita rangi baada ya rangi, na kila rangi ilipokewa na mtu wake. Mama yangu alikuja na kapu tupu kichwani, matope mpaka mapajani. "Njano ya vitone!" Ndipo nikaachia. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Mama alinikumbatia na kapu lake, na hakuuliza kandambili ziko wapi. Hakuziuliza hata siku moja mpaka alipofariki.

Baadaye mtaro ulijengwa kwa zege, watu wakapumua. Wengi wetu tulihama; mimi nilirudi na wanangu, ila biashara ilinibana nisifike kwake. Kamba ikatundikwa msumarini.

Basi nilipomaliza kumsikiliza jirani, nikamshika binti yangu mkono tukaenda. Mlango ulikuwa wazi, mashine pale pale. Mama Mkasi alikuwa anapapasa meza akitafuta kitu kilichokuwa mbele yake.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi ni wengi. Sema vizuri."

Nikasema, "Mkia upo."

Akacheka kile kicheko chake cha zamani, akanyoosha mikono mpaka akayapata mashavu yangu. Kisha akampata mtoto mgongoni, kisha yule wa chini. "Kumbe mkia umeota mikia!"

Gauni lilikuwa mezani, nusu limekatwa. Nikamuuliza ni la nani.

"Langu. Nililivaa mwanangu alipoolewa. Sasa naenda wapi nalo? Siku hizi kila mtu ananunua mitumba, mabaki nitatoa wapi? Watoto wanataka rangi." Kamba ilikuwa mpya, imekunjwa kwenye kiti. Mafundo alikuwa ameyafunga yote, lakini vitambaa vilikuwa vimeshonwa vichache, tena upande upande.

Akamgeukia binti yangu. "Eti wewe, maji yanaanzia wapi siku hizi?"

"Kwenye bomba lililopasuka, nyuma ya duka la simu," mtoto akajibu bila kufikiri. "Pale mtaro umejaa chupa. Juzi yaliingia mpaka chini ya mlango wetu, nikayatoa kwa kandambili."

Mlango wetu. Juzi nilikuwa kwenye genge langu la mboga, na mdogo mgongoni, na huyu nilimwacha nyumbani. Sikuwa nimejua lolote. Nilijikuta nimemshika bega.

"Umesikia?" Mama Mkasi akasema taratibu. "Mvua zenyewe zinakaribia. Watoto wanakuja hapa, lakini mama zao wanawarudisha. Wanasema kipofu hawezi kuongoza. Na wana haki, mwanangu. Mbele sipaoni."

Binti yangu alikuwa ameshachagua kipande, cha buluu, anakizungusha kidoleni. Nikakaa, nikatunga uzi kwenye sindano, nikakishona kwenye fundo la tatu. Nikashona kingine, na kingine. Mama Mkasi alisikiliza uzi unavyopita.

"Wewe ushike mbele," akasema. "Wanakufahamu, watakuachia watoto. Mimi nitakaa nyuma. Sauti bado ninayo."

"Sawa, mama."

Akapapasa kamba mpaka mwisho wake, kwenye fundo lililobaki tupu.

"Basi na mimi nitafutie kitambaa changu. Miaka yote sikuwahi kuwa nacho. Rangi yoyote tu, ila kiwe kinene, mwanangu, nikitambue kwa vidole."