Siku Niliyohesabu Wajukuu kwa Mdomo

Siku ile nyumbani kwangu Nsemulwa tulikuwepo mimi, mke wa mwanangu wa pili, na wajukuu wanne. Mwanangu huyo ni fundi cherehani sokoni Mpanda. Wajukuu wawili ni wa huyo fundi, mvulana na mdogo wake wa kike aliyekuwa ndiyo anaanza kukimbia. Wawili wengine ni wa binti yangu, ambaye alikuwa Inyonga kwenye tumbaku ya mumewe. Baadaye wakaja wageni watatu: nesi, dada wa kuandika, na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu. Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mama aliyemzaa nesi, maana nilimuuliza. Mwanangu ameniomba nisiyaandike, basi nayaacha.

Gari la matangazo lilikuwa limepita tangu juzi yake. Watoto wadogo wote wapewe matone ya polio, nyumba kwa nyumba, hata waliokwisha kuchanjwa. Asubuhi mwanangu alipochukua magongo yake kwenda sokoni, aligeuka pale mlangoni.

"Mama, watoto wasikose."

"Hawatakosa," nikamwambia.

Mguu wake wa kushoto ni mwembamba kama mpini wa mwiko. Alipougua tulikuwa kambi ya tumbaku, ndani kabisa porini. Homa ilimshika siku tatu, kisha mguu ukalala, haukuamka tena. Nilimbeba mgongoni mpaka umri wa kwenda shule.

Wageni walipofika, mkwe wangu alikuwa kwenye foleni ya maji. Kale kasichana kalikuwa kamelala ndani, wengine wanacheza uani.

"Shikamoo bibi. Hapa mna watoto wadogo wangapi?" dada wa kuandika akauliza.

"Marahaba. Watatu."

Sikukusudia kumficha mtu. Ndivyo mdomo wangu ulivyozoea. Mama yangu alinifundisha kwamba watoto hawahesabiwi wakaisha. Unabakiza mmoja, ili mwenye roho mbaya asijue nyumba yako imejaa kiasi gani. Hata kuku wangu nawataja hivyo, na nimezeeka hivyo.

Wale watatu wakafungua midomo, wakadondoshewa matone, wakapakwa wino kwenye kidole cha mwisho. Dada akaandika mlangoni kwa chaki, tatu kwa tatu, yaani waliopo na waliopata. Wakaaga, wakaenda.

Mkwe wangu aliporudi akatua ndoo, akawashika watoto vidole kimoja kimoja. Kasichana kakatoka ndani kanapikicha macho.

"Mama, mbona huyu hana wino? Si wamekuja?"

"Wamekuja."

"Uliwaambia wangapi?"

Nikamwonyesha ile chaki mlangoni. Akaelewa.

"Mama na wewe na hesabu zenu za kwenu." Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. "Basi, kesho nitampeleka kituo cha afya."

"Kesho hapana. Homa ilipomshika baba yake nami nilisema kesho."

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Mkwe akasema nimwachie yeye aende. Nikamwambia kosa ni la mdomo wangu, miguu yangu ndiyo itakayolifuata. Goti linaniuma tangu masika, lakini siku ile sikulisikiliza.

Mimi shule niliishia darasa la pili, ila tarakimu nazijua. Nikafuata chaki mlango kwa mlango. Mbili kwa mbili. Tano kwa tano. Nilipofika kwenye mlango usio na kitu nikajua wamekata kona, nikarudi nyuma nikashika njia nyingine. Nikawakuta uani kwa mama mmoja muuza mkaa, wanawake wamekaa na watoto wao mapajani. Nesi alikuwa anafunga kile kiboksi chake cha barafu.

"Usifunge, mwanangu," nikasema. "Kuna mmoja nilimbakiza."

Balozi akaangalia chini. "Mama mkubwa, nilijua ni wanne. Niliona aibu kukusahihisha mbele ya wageni."

Dada wa kuandika hakufurahi. "Bibi, nyumba yako nimeshaimaliza kwenye karatasi. Nikibadilisha, nibadilishe niandike wangapi? Usinipe nusunusu tena."

Wanawake wale wengi sikujua nyumba zao wala mioyo yao.

"Andika wanne," nikasema. Kisha nikawataja kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, kwa sauti ya kusikika. Katika maisha yangu sikuwahi kufanya hivyo.

Kasichana kakakaza meno. Nesi anabembeleza, kenyewe kanageuza shingo.

"Mke mwenzangu, fungua mdomo," nikakaambia. "Mume wetu alishakufa, tunagombania nini?"

Wanawake wakacheka, nako kakacheka bila kujua kinachochekesha, na matone yakaingia. Nikashika mwenyewe kile kidole kikapakwa wino.

Jioni mwanangu aliporudi nilimweleza kabla mke wake hajafungua mdomo. Alimpakata mtoto, akakitazama kile kidole muda mrefu.

"Mama, na kule kambini?" akauliza. "Watu wa chanjo walipokuja, uliwaambia tuko wangapi?"

"Sikumbuki kama walikuja, baba."

"Sawa, mama." Akaomba maji ya kuoga.

Tangu siku hiyo natafuta kichwani. Kambi ile naiona yote, kibanda hadi kibanda mpaka kwenye kijito, na nani alilala wapi na watoto wake walikuwa akina nani. Mtu wa chanjo simwoni. Lakini kama wewe unayesoma ulikuwepo kule, ukamwona amesimama mbele ya kibanda changu, nami nikamjibu namba, njoo unisahihishe. Niambie nilisema ngapi. Mwanangu nimemwambia sikumbuki, na sitaki hilo liwe ndilo jibu lake la mwisho.