Pamba Ndani ya Dakti

Kwa Tinde nzima, na nimeulizia, nyumba yenye dakti ni moja, nayo ni yangu. Wengine wana feni. Wachache wana kile kiyoyozi cha kubandika ukutani kinachodondoshea maji kwenye ndoo. Mimi nina mashine moja nyuma ya nyumba, na kutoka hapo hewa ya baridi inasafiri juu ya dari ndani ya njia za bati, kila chumba na tundu lake, kimya kama hotelini. Hizo njia za bati ndizo mafundi tunaziita dakti. Nilizikata mwenyewe, nikazikunja mwenyewe, nikazivika blanketi la kuzuia joto mwenyewe. Nina diploma ya majokofu na viyoyozi, na nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione.

Sikuzaliwa nayo. Habari za njia za hewa nilianza kuzijua nikiwa kijana, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Duara ni shimo la dhahabu, na shimo likienda chini sana hewa inakwisha. Kwa hiyo tulikuwa tunashona nailoni ndefu kama soksi ya jitu, tunaiteremsha hadi chini, na juu tunaweka mashine ya kupuliza. Wenzangu walishuka kutafuta dhahabu. Mimi nilibaki mdomoni mwa shimo nikiitazama ile soksi inavyojaa, inavyonyooka, inavyopumua. Walinicheka sana. Leo wakipita hapa wananiita Injinia. Kutoka pale nilikwenda chuo, na kutoka chuo nikaenda Uarabuni, miaka kumi na moja nikifunga dakti kwenye majengo ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka. Nikarudi na kujenga. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Mama yangu, ambaye kwetu Usukumani tunamwita mayu, alikuja kutoka shambani mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, binti. Alishuka na kuku wawili, furushi la nguo, na kiroba cha pamba ya shamba lake mwenyewe, pamba aliyoitoa mbegu kwa vidole, ya kumshonea mjukuu mto.

Kabla hajamaliza maji ya kunywa nikamzungusha nyumba.

"Mayu, weka mkono hapa."

Akaweka. Tundu za hewa nimeziweka juu ya milango, lakini yeye ni mrefu na mikono yake ni ya jembe.

"Huu upepo unatoka wapi?"

"Unatoka nyuma, unapita juu ya dari."

"Mwizi je, akipita humo?"

"Hapiti, mayu."

"Nyoka?"

"Nimeweka wavu."

Akaguna. Nikaona hajashtuka vya kutosha, nikamwonyesha ufundi wenyewe: kile kifuniko cha tundu kinafunguka bila bisibisi. "Unabonyeza huku na huku, kinatoka. Kwa ajili ya usafi. Hata asiye na diploma anaweza." Akajaribu mara ya kwanza, kikagoma. Akajaribu mara ya pili, kikatoka. Akakirudisha, akakitoa tena. Nilijisikia mwalimu mzuri kweli.

"Sasa nisikilize," akasema akikirudisha. "Mzazi tunamkanda kwa maji ya moto. Anakunywa uji wa moto. Halafu anakuja kulala ndani ya jokofu?"

"Mashine inapuliza na joto pia, mayu. Ni kubonyeza tu."

"Joto? Joto la Shinyanga limejaa bure hapo nje, wewe unalileta kwa umeme?"

Mke wangu, aliyekuwa kitandani na mtoto, alijifunika uso kwa khanga. Mabega yakawa yanatikisika.

Wiki ya pili jicho la kulia la mtoto likaanza kutoa machozi. Halikuwa jekundu. Lilikuwa linalowa tu, hata akiwa ametulia, na asubuhi kope zinagandana kwa tongotongo. Jicho la kushoto kavu, safi, linanitazama kama mkaguzi. Mama akatoa hukumu siku hiyohiyo.

"Ni upepo wa bati lako. Unampiga upande mmoja."

"Mayu, hewa haichagui jicho."

"Mlango uko upande gani wa kitanda?"

Mlango ulikuwa kulia.

Akamwambia mke wangu amkamulie mtoto maziwa jichoni. Yakakamuliwa. Jicho likaendelea kulowa, sasa na maziwa juu yake. Ndipo mama aliposema neno lililoninyima raha: "Arobaini ikifika jicho likiwa hivi, nawachukua wote wawili, mzazi na mtoto, nawapeleka kwangu. Kule hakuna mashine. Wewe baki na mabati yako."

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Alikuwa anakunja nepi.

"Mimi nitamfuata mama," akasema. "Wewe ukiumwa utajipuliza."

Miaka kumi na moja nilikula chakula peke yangu kwenye chumba cha watu wanane. Nyumba ile nilikuwa nimeijenga kichwani kabla ya kuijenga ardhini, na kwenye kile kichwa haikuwa tupu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, wiki hiyohiyo mashine ikaanza kuugua. Hewa sebuleni ikapungua mpaka ikawa kama pumzi ya mgonjwa. Chumbani hakuna kitu kabisa. Koili, ile sehemu inayopoza hewa, ikaganda barafu nyeupe kama friza la bucha, barafu ikayeyuka, maji yakachora ramani kwenye dari yangu ya jipsamu. Jikoni tu ndiko upepo ulikuwa wa ajabu. Ulizima kibiriti. Nilimleta jirani aje aone.

"Unaona nguvu hiyo?" nikamwambia.

"Naona. Ila Injinia, kwa nini sufuria ndizo zinapewa hewa kuliko watu?"

Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Siku tatu nilihangaika. Nikapima gesi kwa geji: sawa. Nikapima umeme: sawa. Nikasafisha chujio, nikafungua feni, nikaisikiliza kompresa kwa sikio kama daktari. Nikatoa madaftari yangu ya chuo. Mama alikuwa akipita na beseni, anatazama vyuma vyangu vilivyotapakaa uani, anasema, "Pole na kazi, baba," kwa sauti ya upole kupita kawaida. Ningekuwa na akili siku hiyo, ule upole ungenishtua.

Siku ya nne tukampeleka mtoto kituo cha afya. Muuguzi alikuwa msichana, umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nikaanza kumweleza kuhusu nyumba, mzunguko wa hewa, nyuzi joto, na kwamba mimi binafsi nina diploma.

"Wewe ndiye mwenye nyumba ya mabomba juu?"

"Dakti," nikasema.

"Haya, baba wa dakti, nishikie kichwa cha mtoto."

Akaosha mikono, akalitazama jicho kwa tochi, akabonyeza taratibu kwenye kona karibu na pua. Utando mzito ukatoka kidogo.

"Jicho lenyewe zima," akasema. "Kila jicho lina mrija mwembamba wa kupitishia machozi, unaanzia hapa konani unashuka ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia anapenga kamasi. Wapo watoto wanaozaliwa mrija haujafunguka vizuri. Machozi yanatengenezwa sawasawa, yanakosa pa kwenda, yanarudi juu. Kwa hiyo msihangaike na jicho. Tatizo liko kwenye njia."

Mke wangu akauliza kama ni upepo. Muuguzi akasema hapana, amezaliwa hivyo. Akatufundisha: mikono misafi, kucha fupi, kidole kwenye kona ya jicho, bonyeza na kushuka kando ya pua, mara kadhaa kila anaponyonya. Jicho lifutwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maziwa yaishie mdomoni. Kwa wengi mrija hufunguka wenyewe, kwa wengine huchukua miezi, na jicho likivimba au kuwa jekundu turudi siku hiyohiyo.

Mimi sikuwa nasikia vizuri ile sehemu ya mwisho. Nilikuwa nimebaki kwenye yale maneno mengine. Jicho zima. Tatizo liko kwenye njia. Siku tatu nimeitesa mashine nzima kwa geji na bisibisi, mimi niliyekulia mdomoni mwa shimo nikilinda soksi ya hewa isikunjwe, na njia sijaigusa. Kwenye bajaji mke wangu aliniuliza kwa nini nimekunja uso. Nikasema jua.

Nilipofika nikaenda moja kwa moja juu ya mlango wa chumbani. Nikabonyeza huku na huku, kifuniko kikatoka, nikaingiza mkono. Laini. Nikavuta. Ikaja pamba, nyeupe, safi, iliyotolewa mbegu kwa vidole, imeshindiliwa kama mto wa bibi harusi. Sebuleni pamba. Kwenye chumba alicholala mama pamba. Jikoni hakuna kitu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mayu, ni wewe?"

"Si ulinifundisha kukifungua?"

"Na jikoni mbona hujaziba?"

"Jikoni kuna joto. Napika nikiwa vizuri."

Mke wangu akakaa chini palepale kwenye korido akicheka mpaka mtoto akaamka. Nikamweleza mama maneno ya muuguzi, neno kwa neno, nikiongeza ya kwangu machache. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo muuguzi hajalala humu," akasema. "Tufanye hivi. Zima mashine mpaka arobaini. Jicho likikauka mashine imezimwa, basi mwenye kosa ni mashine, na unaing'oa. Lisipokauka, mimi nitaomba radhi, nitarudi kwangu peke yangu."

Nikakubali haraka, kwa sababu nilijiona nimeshinda. Ilipofika jioni, mtoto yuko mapajani kwangu na kidole changu kiko kwenye kona ya jicho lake, ndipo nilipoelewa nilichokubali. Mimi ndiye nimepewa kazi ya kusugua. Mke wangu alikuwa ananyonyesha, mama vidole vyake vina sugu za jembe na alijiogopa mwenyewe. Nikisugua vizuri mrija utafunguka, jicho litakauka, mashine yangu itahukumiwa. Nikisugua ovyo mashine itapona, na jicho la mwanangu litaendelea kulowa.

Nyumba ikawa tanuri. Wageni wakaja kumwona mtoto wakajipepea kwa vifuniko vya sufuria, na jirani akauliza zile nguvu zote zimehamia wapi. Nikasugua. Mara sita, mara nane kwa siku, kucha nimekata mpaka nyama, naosha mikono kama daktari wa upasuaji. Nakiri siku moja, saa nane mchana, jasho linanidondoka kwenye kidevu, kidole kililegea. Niliiwazia ile kompresa yangu imelala kimya nyuma ya nyumba. Binti yangu akafungua lile jicho lake la kushoto, la ukaguzi, akanitazama. Nikarudia kusugua kuanzia mwanzo.

Siku tatu kabla ya arobaini aliamka na macho mawili. Hakukuwa na tongotongo. Shavu la kulia lilikuwa kavu. Tukangoja mchana, kavu. Akalia kwa njaa, machozi yakaja kidogo yakapotea yanakopaswa kupotea, akapiga chafya. Nilimbeba nikazunguka naye nyumba nzima, kisha nikamkabidhi mama yake, nikachukua ngazi na sanduku la bisibisi.

Mama alinikuta nimefungua skrubu mbili za dakti ya sebuleni.

"Unafanya nini?"

"Tuliahidiana, mayu. Limekauka. Nang'oa."

Alinishikia ngazi.

"Shuka."

"Lakini—"

"Shuka, ng'wanawane, mwanangu. Unadhani nilikuwa natazama jicho? Nilikuwa natazama kidole chako. Ungekuwa mtu wa kupenda bati kuliko mtoto, ungekilegeza. Jicho limefunguliwa na kidole. Na mimi nilikuwepo nikiona."

Sikumwambia habari za saa nane mchana. Hadi leo sijamwambia.

Nikarudisha skrubu. Yeye mwenyewe akatoa pamba iliyobaki kwenye tundu za vyumba, kwa sababu tangu siku ile nilikuwa nimeiacha kwa heshima, akaijaza kwenye kiroba. Chumba cha mzazi tukakubaliana kibaki kimezibwa mpaka arobaini ipite, na kwenye tundu lile nikafunga kizibo cha bati chenye kamba, ukivuta kinafunga, ukiachia kinafungua. Kamba nikamkabidhi yeye. Sasa kila mgeni akija anamwonyesha kamba kabla mimi sijafika kwenye diploma.

Nikawasha mashine. Ilikohoa, ikanguruma, hewa ikashuka sebuleni kama zamani. Mama akaleta kiti akakiweka chini ya tundu, akaingia chumbani akatoka amevaa sweta, akakaa, akampakata mjukuu aliyefungwa khanga mbili, akaanza kushona mto.

"Ongeza kidogo," akasema.