Barafu Niliyoinenepesha Malvern

Mimi ni fundi simu hapa Malvern, huku kusini mwa Afrika, na simu ndiyo iliyoniponza. Niliona video ya wataalamu huko ncha ya kaskazini: wanatoboa barafu ya baharini, wanavuta maji ya chini kwa pampu, wanayamwaga juu yake. Yanaganda, barafu inanenepa, inachelewa kuyeyuka. Nikapiga paja. Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi!

Wakati huo friza letu lilikuwa na nguru mzima, ametumwa na mama mkwe kutoka Tanga, jirani akamleta kwa ndege. Alikuwa wa kuwapikia wageni wanaokuja kumposa binti yetu. Mke wangu alimzungushia barafu pande zote, maana mgao wa umeme hauna adabu, kisha akaenda madukani Mayfair kununua viungo.

"Baba watoto, friza usiliguse," aliniambia.

Nikaligusa. Nikamwaga maji juu ya ile barafu, ndoo nzima. Tena si maji matupu, profesa mzima mimi? Wale wanatumia maji ya bahari, basi nami nikakoroga chumvi, nikaonja, nikaongeza, mpaka nikaridhika kwamba hii sasa ni Tanga kabisa. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, akasema eish, baba, kwani unajua kule kuna baridi kiasi gani? Nikamwambia sayansi haitaki ubishi.

Umeme ukakatika, transfoma ya mtaa ikaungua, na joto lilikuwa la Desemba. Kesho yake mke wangu akafunua friza. Barafu hakuna, imeliwa na chumvi yangu. Nguru anaelea, amelegea, ananuka. Kwa jirani barafu ilikuwa bado ina mabonge.

Nikaanza kueleza habari za ncha ya kaskazini. Akanikatiza.

"Mama magoti yamemkatalia safari. Huyu samaki ndiye aliyekuja badala yake."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wageni walikula kuku, mambo yakaenda vizuri, alhamdulillahi. Walipoondoka tu, mama mkwe akapiga simu. Mke wangu akaweka spika.

"Samaki alikuwaje, mwanangu?"

"Mtamu, mama. Hawakubakisha kitu."

"Na kichwa? Kichwa nilisema apewe mkwe wangu. Amekifurahia?"

Mke wangu alinisogezea simu mdomoni.