Kompyuta Iliyokataa Marahaba

Kijijini kwetu hapa Nyabiyonza, ukitaka barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi au tangazo la msiba, utaambiwa nenda kwa Uwingabire. Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja alijifunzia kuchapa kwenye taipureta ya parokia, enzi za usichana wake, na mpaka leo anabonyeza vitufe kwa nguvu utadhani anatwanga. Steshenari yake ni chumba kimoja, kompyuta moja kuukuu na printa moja yenye kikohozi. Lakini kazi yake? Weee! Hata nukta haipotei.

Sasa, Ijumaa moja Mwalimu Rwegasira, mkuu wa shule ya sekondari, aliingia akiwa amekunja uso. Kwa miaka sita mitihani yote ya shule yake ilichapwa hapo. Akaitupa flashi mezani, wateja wawili wakitazama.

"Mama, hii mara ya tatu. Flashi ikitoka kwako, mafaili yote yamegeuka shotikati, ukibonyeza hayafunguki. Kompyuta yako ina virusi. Ijumaa ijayo naleta mitihani ya muhula. Yakitokea tena haya, nahamia Kayanga mjini."

Uwingabire aliumia. Mitihani ile ndiyo iliyolisimamisha duka, hilo ni kweli, lakini kilichomchoma zaidi ni kuitwa mchafu mbele za watu. Akasema, "Ilete tu, mwalimu. Utaikuta kompyuta imetakata."

Jioni hiyo hiyo alikuwa Kayanga kwa Rogasian, fundi wa simu na kompyuta.

"Hama Windows, mama," Rogasian akamwambia. "Hivi virusi vya flashi vimetengenezwa kwa ajili yake. Ukiweka Linux mahali pake haviamki. Ila Linux ni ukoo mzima. Kuna Debian, kuna Fedora, kuna Mint, kuna Ubuntu..."

"Ngoja hapo hapo! Umesema Ubuntu?"

Nyumbani kwao Uwingabire wanaongea Kinyarwanda walichokuja nacho wazazi wake, na kwa lugha hiyo ubuntu ni ukarimu. Kitu cha ku buntu umepewa bila bei.

"Na huyo Ubuntu anauzwa?"

"Hauzwi. Ni bure."

"Sasa si jina limejieleza lenyewe! Nipe huyo huyo."

Jamani, kuchagua kwa jina! Rogasian alimwekea kwenye flashi, akamwonyesha jinsi ya kumjaribu kwanza bila kufuta chochote. Uwingabire akafungua barua moja, akaenda kumenya ndizi za mchana, akarudi, barua bado inafunguka. Ubuntu alikuwa mwema lakini mzito, na ile kompyuta kuukuu haikuwa na kifua cha kumbeba. Mwingine angesusa. Uwingabire alipiga simu.

"Mgeni wako ana roho nzuri ila ana mwili mkubwa. Hana mdogo wake?"

Rogasian alicheka mpaka akakohoa. "Anaye, mama. Anaitwa Lubuntu. Njoo umchukue."

Jumatatu Lubuntu akafika, na Nyabiyonza nzima, Uwingabire akiwemo, ikamwita Rubuntu. R na L huku kwetu ni mapacha, hatusumbuki kuwatofautisha. Mama akahamisha kazi zake zote kando, akamsimika mgeni mwenyewe, hatua kwa hatua. Kompyuta ilipodai neno la siri asiloweza kulisahau, akachagua marahaba. Kila asubuhi itamwamkia, naye ataiitikia.

Siku tatu zilizofuata alijifunza kama mtu aliyekopeshwa macho. Kuna lile dirisha jeusi la kuandikia amri: aliandika neno la siri, isionekane hata herufi moja. Akadhani vitufe vimekufa, akavipuliza, akavigonga, hadi Rogasian akamwambia kwa simu, "Andika tu, mama, linakuona." Akaandika, likakubali. Printa nayo ilijitambulisha yenyewe. "Ka! Kumbe ni hivi tu?" Kufikia Alhamisi alikuwa akiwaonyesha wenzake wa maduka jirani namna ya kupanga kurasa.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Rwegasira huyo mlangoni, flashi mkononi, na watu wawili nyuma yake wakisubiri kutoa kopi. Uwingabire akaketi. Aliogopa kukosea mbele ya mwalimu, kwa hiyo akaandika polepole, herufi moja moja, kama anayesahihishwa na mkaguzi: marahaba. Kompyuta ikakataa. Akarudia kwa uangalifu zaidi. Ikakataa. Mara ya tatu, vile vile.

"Mama, kama imeshindikana sema niwahi Kayanga."

Uwingabire akanyoosha vidole ajaribu mara ya nne. Papo hapo Benitha, mke wa jirani, akapita nje na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama!"

"Malahaba, mwanangu!"

Uwingabire akaganda. Alikuwa amejisikia. Tangu Jumatatu alipolichagua, alilichapa neno lile kwa haraka, vidole vikifuata mdomo: malahaba. Leo woga ndio uliomfanya aandike kama kitabu. Akaangua kicheko, akaandika upya, penye R akachapa L kwa kishindo, na kompyuta ikafunguka.

"Kiswahili sanifu kingeniponza," akasema. Mwalimu hakuelewa.

Akaichomeka flashi, na kabla hajagusa faili lolote, akatulia kutazama. Mitihani ilikuwepo, yote, inafunguka. Lakini pembeni ya kila mtihani palikuwa na shotikati yake, na juu ya hayo faili moja lenye jina la ajabu, kirusi chenyewe. Kwenye Windows hilo lingejificha. Hapa lilikaa peupe. Akamgeuzia mwalimu kioo.

"Mwalimu, flashi hii niliwahi kuishika?"

"Hapana. Ni mpya, nimeinunua jana."

"Imeingia kompyuta gani?"

"Ya ofisini kwangu tu." Akainama, akatazama tena.

Nyani haoni kundule. Uwingabire aliimeza methali hiyo, maana mwalimu ni mwalimu. "Basi ugonjwa uko ofisini kwako, baba," akasema taratibu.

"Nisamehe, mama. Nilikusema vibaya."

"Ulinisema mbele za watu."

Rwegasira alielewa. Akawageukia wale wawili mlangoni, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya paredi: "Kompyuta ya mama huyu ni safi. Chafu ni yangu."